Kura za marehemu: ushahidi haupo ukutani

Kila uchaguzi unapopita, na zaidi tangu ule wa Oktoba 29, 2025, mazungumzo ya Mbeya na Iringa kuhusu kura za marehemu hufuata njia ileile. Mtu alizikwa, watu walimsindikiza, kisha jina lake linaonekana kwenye orodha iliyobandikwa ofisi ya kijiji. Picha inapigwa kwa simu, jina linazungushiwa duara jekundu, na hadi jioni makundi ya WhatsApp yameshahitimisha kwamba marehemu kapiga kura. Hasira hiyo ina haki kabisa. Tatizo ni kwamba hoja yenyewe imeruka hatua. Jina la marehemu kubaki daftarini ni jambo moja, kura kupigwa kwa jina hilo ni jambo la pili, na matokeo kubadilika kwa sababu ya kura hiyo ni la tatu. La kwanza lipo, na litakuwepo katika nchi yoyote yenye daftari la kudumu, kwa kuwa watu hufa kila siku na daftari husafishwa mara chache. La pili lina ushahidi wake, lakini ushahidi huo uko kwenye nyaraka ambayo karibu hakuna anayeidai: nakala ya daftari iliyotumika kituoni, ile iliyowekwa alama kila mpiga kura alipopewa karatasi. Tunapoteza nguvu kwenye karatasi ya ukutani, na wenye kuiba, pale wanapokuwepo, hawana sababu ya kuiogopa karatasi hiyo.

Kwanza tutenganishe orodha mbili ambazo watu wengi wanazichanganya. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na orodha yake iliandikwa upya ndani ya siku kumi, Oktoba 11 hadi 20. Haikutumia alama za vidole wala kadi ya mpiga kura. Mwandikishaji alikaa na kitabu chake, mkazi akafika, akaandikwa. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni jambo lingine: liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, lina picha na alama za vidole, na ndilo linalotumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Tofauti hii inabadilisha maana ya jina la marehemu. Katika Daftari la Kudumu, jina hilo kwa kawaida ni mabaki: mtu alijiandikisha akiwa hai, akafa, hakuna aliyelifuta. Katika orodha ya mtaa au kijiji, iliyoanza na ukurasa mweupe Oktoba 11, mtu aliyezikwa 2022 hawezi kuwa mabaki. Kuna mkono ulioandika jina lake ndani ya siku hizo kumi, na mwenye mkono huo anajulikana kwa sababu kila kituo kilikuwa na mwandikishaji wake. Kwa hiyo malalamiko yenye uzito mkubwa zaidi ya kisheria yalikuwa ya 2024, na hayo ndiyo tuliyoyaacha yapite haraka.

Sasa turudi kwenye Daftari la Kudumu, ambalo historia yake ya sasa imeanzia huku kwetu. Uandikishaji kwa mfumo wa BVR, yaani wa mashine za picha na alama za vidole, ulianzia Makambako, mkoani Njombe, Februari 2015. Daftari la zamani liliwekwa kando na kila mtu akaandikishwa upya. Waliokufa kabla ya hapo hawakuingia. Lakini Makambako walipoandikishwa Februari, uchaguzi ulikuwa Oktoba. Ndani ya miezi hiyo minane tu, daftari jipya kabisa lilikuwa tayari na marehemu wake, na hakuna mtu aliyefanya kosa lolote. Anayedai leo kwamba dawa ni kufuta daftari zima na kuanza upya akumbuke hilo, akumbuke pia kwamba uandikishaji wa 2015 ulikwenda taratibu kiasi kwamba kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 30 mwaka huo, iliahirishwa na haijafanyika mpaka leo. Kuanza upya kunaondoa marehemu wa jana, marehemu wa kesho wanaanza kuingia, na njiani wanaachwa wazee na wagonjwa walio hai ambao hawataweza kupanga foleni kwa mara nyingine.

Kwa nini jina halitoki? Kwa sababu kifo chenyewe hakijaandikwa mahali ambapo Tume inaweza kukisoma. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Aliyefia hospitalini anapata tangazo la kifo palepale, na ndugu wakitaka wanaenda nalo kwa msajili wa wilaya kutafuta cheti. Aliyefia nyumbani ni lazima mtu aende kwa mtendaji wa kijiji. Rungwe na Kyela maiti huzikwa uwanjani kwa familia, na milimani Makete au Kilolo ofisi ya wilaya ni safari ya siku nzima wakati wa mvua. Hakuna mlinzi wa makaburi anayedai kibali. Familia hutafuta cheti cha kifo pale tu kinapofungua kitu: mirathi yenye hati, mafao ya mfuko wa hifadhi, akaunti ya benki, mkopo wenye bima. Bibi aliyeacha robo ekari ya migomba na kuku watano hana kinachodai cheti. Matokeo yake marehemu wanaobaki daftarini hawajagawanyika sawasawa. Wamelundikana vijijini, ni wazee, wengi ni wanawake, na ni watu ambao mwenyekiti wa kitongoji anawafahamu mmoja mmoja.

Kinachouma ni kwamba taarifa yenyewe ipo. Msiba wa kijiji cha nyanda za juu huandikwa kuliko jambo jingine lolote. Anateuliwa mtu wa kushika daftari la rambirambi, anaandika kila kaya imeleta nini: fedha, debe la mahindi, maharage, kuni. Ndani ya saa chache kijiji kizima kimejua nani amefariki, lini, na ameacha nani. Maandishi hayo yanaishia nyumbani kwa wafiwa. Wakati huohuo mkoa wa Mbeya ndio uliotangulia, mwaka 2013, katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye zahanati na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu, na Iringa na Njombe zikafuata. Mpango ule ulionyesha kwamba usajili ukisogezwa hadi kata, watu wanakuja. Ulihusu vizazi. Vifo vilibaki na mwendo wao wa zamani.

Tume inajua kwamba majina haya yapo. Ilipoanza kuboresha daftari Julai 2024, ilitangaza matarajio yake: wapya 5,586,433 na wa kuondolewa kwa kukosa sifa 594,494, kutoka kwenye daftari la 2020 lililokuwa na watu 29,754,699. Tupime hiyo namba ya pili. Tukichukulia vifo 7 tu kwa mwaka kwa kila watu wazima 1,000, daftari la ukubwa huo linapoteza watu takriban 208,000 kila mwaka. Toka Oktoba 2020 hadi katikati ya 2024 ni zaidi ya 750,000, bila kuhesabu waliokuwa wamebaki toka nyuma. Maana yake hata kama wale 594,494 wote wangekuwa marehemu na wote wangeondolewa, wengine wengi wangebaki. Na namna ya kuwaondoa ilitegemea ndugu aje. Mbeya na Iringa zilipangiwa Desemba 27, 2024 hadi Januari 2, 2025: siku saba baada ya Krismasi, Mwaka Mpya ukiwa katikati, mahindi yanataka palizi na mbolea ya kukuzia, barabara za Kilolo ni utelezi. Kijana anakwenda kujiandikisha kwa sababu anataka kadi. Nani anaacha shamba kwenda kujaza fomu ya kumfuta baba yake aliyekufa miaka mitatu iliyopita, bila kupata chochote, akiwa hata kadi ya marehemu hajui iliwekwa wapi?

Ila kuna namba kubwa kuliko hiyo, na inashangaza inavyozungumzwa kidogo. Kwa matarajio ya Tume yenyewe, daftari lilipaswa kufika watu 34,746,638. Lilifika 37,655,559. Nyongeza ya karibu milioni 2.9 juu ya matarajio haiwezi kuelezwa na marehemu waliosahaulika, maana hao walikuwa ndani ya hesabu ya kuanzia. TAMISEMI nayo, Oktoba 2024, ilijiwekea lengo la kuandikisha wapiga kura 32,987,579 Tanzania Bara. Zanzibar nzima, watoto wakiwemo, haikufika watu milioni 2 katika sensa ya 2022. Ukijumlisha namba hizo mbili, bado hufiki 37,655,559. Yanaweza kuwepo maelezo: makadirio yalikuwa ya chini, vijana wengi walitimiza miaka 18, waliokuwa hawajawahi kujiandikisha walijitokeza. Basi yatolewe mkoa kwa mkoa, kata kwa kata. Anayepiga kelele kuhusu majina manne ya marehemu kwenye ukuta wa kijiji chake anaweza kuwa sahihi kwa yote manne, na bado akawa amelipa kisogo swali lenye mamilioni.

Upande wa pili una hoja yake: daftari lina picha, aliyekufa hawezi kufika, kwa hiyo jina lake halina madhara. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inarudiwa na watu wanaojua kituo kinavyofanya kazi. Vidole tulivyochukuliwa alama wakati wa kujiandikisha havikaguliwi kituoni. Kinachokagua ni macho: karani anatazama kadi, anatafuta jina kwenye kitabu chenye picha, wakala wa chama anaangalia, mpiga kura anapewa karatasi na baadaye kupakwa wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Ulinzi wote umewekwa kwa watu waliokaa mezani. Wakiwa wa upande mmoja, picha haina kazi. Mwaka 2025 CHADEMA, chama kilichowahi kushika majimbo ya Mbeya Mjini na Iringa Mjini kwa miaka kumi, hakikuwemo kwenye uchaguzi, na kwa hiyo hakikuwa na mawakala vituoni. Kusema picha zinatosha bila kusema nani alikuwa anazitazama ni kuacha nusu ya maelezo.

Njia za kuitumia kura ya marehemu ni tatu, na kila moja huacha alama tofauti. Ya kwanza ni mtu kuja na kadi ya marehemu. Hii ni ya polepole. Kura ishirini zinataka watu ishirini wenye vidole safi na karani aliyefumba macho mara ishirini. Hutokea, lakini kwa kura moja moja, mara nyingi na ndugu. Ya pili haihitaji mtu kufika kabisa. Karatasi zinachanwa kwenye kitabu, zinawekwa alama, zinatumbukizwa kwenye sanduku, kisha majina yanatiwa tiki kwenye daftari la kituo ili hesabu zilingane. Hapa ndipo jina la marehemu linapokuwa na thamani, kwa sababu hatafika saa tisa alasiri kulalamika kwamba jina lake limeshatumika. Waliohamia Dar es Salaam au waliokwenda machimboni Chunya wanafaa vilevile. Waangalizi wa Umoja wa Afrika waliripoti baada ya uchaguzi wa 2025 kwamba katika vituo kadhaa waliona kura zikiongezwa kwenye masanduku na wapiga kura wakipewa karatasi zaidi ya moja. Ya tatu ni kubadilisha namba kwenye fomu ya matokeo, na hiyo haina haja na marehemu wala aliye hai.

Angalia alama zinazobaki. Njia ya tatu inakamatwa kwa kulinganisha nakala za fomu walizopewa mawakala na iliyojumlishwa. Njia mbili za kwanza zinakamatwa sehemu moja tu: daftari la kituo lenye tiki, likilinganishwa na orodha ya watu wanaojulikana kuwa marehemu, pamoja na idadi ya vishina vya karatasi zilizotolewa, yaani vipande vinavyobaki kitabuni karatasi ikichanwa. Jina la marehemu lisilo na tiki halijapigiwa kura, hata likibandikwa ukutani mara mia. Jina la marehemu lenye tiki ni jinai, kwani sheria ya uchaguzi inamshika anayeomba karatasi kwa jina la mtu mwingine, awe hai au amekufa. Tofauti kati ya majina hayo mawili haionekani kwenye picha yoyote iliyosambazwa kwa simu.

Majirani zetu wamepita hapa. Tume ya Kriegler iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa 2007 ilikadiria kuwa daftari lilikuwa na marehemu takriban milioni 1.2. Haikuishia kusema wafu walipiga kura. Ilitazama vituo vilivyotangaza watu wengi kupita kiasi kwenye ngome za pande zote mbili, ikaeleza kwamba daftari chafu ndilo linaloruhusu namba za aina hiyo kupita bila kushtukiwa. Mwaka 2017 ukaguzi wa kampuni ya KPMG ulikadiria tena zaidi ya milioni moja, lakini kumbukumbu za usajili wa vifo zilipolinganishwa na daftari, waliopatikana kwa uhakika walikuwa 92,277. Pengo hilo linatuhusu moja kwa moja: mfumo wa vifo usipokuwa na vifo, kuuunganisha na daftari kunaondoa sehemu ndogo tu. Marekani inafundisha upande wa pili. Katika jimbo la Georgia, baada ya uchaguzi wa 2020, ilidaiwa kwamba marehemu zaidi ya 10,000 walipiga kura. Hesabu hiyo ilitokana na kulinganisha majina na mwaka wa kuzaliwa. Uchunguzi ulithibitisha kesi 4, na zilihusu ndugu waliotuma kura za marehemu wao kwa posta.

Kosa hilo la Georgia lingetokea Makete kabla ya saa sita mchana. Ukoo wa Sanga peke yake unaweza kujaza kurasa. Rungwe, mjukuu hupewa jina la babu, na ukoo ni uleule, kwa hiyo Ambwene aliyekufa na Ambwene aliye hai wanasomeka sawa kwenye karatasi. Ndiyo maana pendekezo la kuifanya kompyuta ifute kila jina linalofanana na la marehemu linanitia hofu kuliko jina lililobaki. Aliyefutwa kimakosa atajua siku ya kupiga kura, na hapo hakuna wa kumrudisha. Kufuta kunahitaji namba ya mpiga kura, tarehe kamili ya kuzaliwa na mtu anayemfahamu marehemu aliyetia sahihi.

Hesabu ya kituo kimoja inaonyesha kwa nini hili ni zaidi ya suala la usafi wa karatasi. Mwaka 2025 kulikuwa na vituo 99,895, wastani wa majina 377 kwa kituo. Kwa kiwango kilekile cha vifo 7 kwa 1,000, kituo hicho kinapoteza watu 13 kwa miaka mitano. Ongeza vijana wa Ludewa walioko Dar es Salaam, wavuna mbao walioko misitu ya Mufindi, mama aliyelazwa wodi ya wazazi, mzee asiyeinuka kitandani. Kituo cha kijijini kikileta kura 370 kati ya 377, hakuna haja ya kutafuta jina la marehemu yeyote. Namba yenyewe inaomba maelezo. Kitaifa Tume ilitangaza kwamba waliopiga kura ni takriban asilimia 87, baada ya 67 mwaka 2015 na 50.7 mwaka 2020. Wastani huo peke yake hauthibitishi wizi, na asiyekubali akiusema kama uthibitisho atashindwa mapema. Unachofanya ni kuweka wajibu kwa aliyeutangaza: achapishe idadi ya walioandikishwa na waliopiga kura kwa kila kituo. Kwa kura za urais wajibu huo ni mzito zaidi, kwa sababu Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo yakishatangazwa, msimamo ambao Mahakama ya Afrika iliupinga mwaka 2020. Kwa ubunge mlango wa Mahakama Kuu upo, na ombi la kwanza la mlalamikaji lingepaswa kuwa daftari lenye tiki la vituo anavyovilalamikia, si picha za ukuta.

Kwa hiyo kazi iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kijijini. Mtendaji na wenyeviti wa vitongoji waandike kila kifo cha mtu mzima kila robo mwaka: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, namba ya kadi ya mpiga kura kama imepatikana, sahihi ya ndugu mmoja na jirani mmoja. Nakala moja iende kwa msajili wa vifo wa wilaya, nyingine kwa afisa mwandikishaji wa halmashauri, ya tatu ibandikwe siku 14 ili aliyeandikwa kimakosa ajitokeze akiwa hai. Wakati wa uboreshaji, orodha hizo zipokelewe kama taarifa rasmi, ndugu asilazimike kuacha shamba. Na kipindi cha uboreshaji nyanda za juu kipangwe Juni hadi Agosti, mavuno yakiwa yameingia na barabara zimekauka.

Ya pili ni ya vyama na wagombea, na haisubiri sheria mpya. Daftari la awali linapowekwa wazi, wakala atembee na mwenyekiti wa kitongoji, waandike majina ya marehemu pamoja na ukurasa, na kuweka pingamizi kwa afisa mwandikishaji. Yatakayobaki yatengenezewe orodha ya kituo. Siku ya kupiga kura, kabla ya saa moja asubuhi, orodha hiyo akabidhiwe msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wote, na makabidhiano yaandikwe kwenye fomu ya malalamiko hata kama hakuna lalamiko bado. Saa kumi jioni kituo kikifungwa, kabla sanduku halijafunguliwa, wakala aombe zihesabiwe tiki kwenye daftari na vishina vya karatasi zilizotolewa, namba zote mbili ziandikwe, kisha zilinganishwe na karatasi zitakazotoka sandukuni pamoja na zilizoharibika. Aangalie majina ya orodha yake moja baada ya jingine. Akikuta tiki, aandike ukurasa, mstari na muda, apate sahihi ya wakala wa chama kingine, asitoke kituoni bila nakala ya fomu ya matokeo.